Dakika na karatasi: klabu tajiri zinavyomjenga au kumkwamisha kijana wa nyumbani

Dirisha la usajili likifunguliwa, mazungumzo ya Kariakoo yote huwa ya wachezaji wa kigeni: nani ametua, nani atatambulishwa usiku, nani kapokonywa mlangoni mwa mwenzake. Wiki hiyo hiyo huwa kuna kijana wa miaka 18 aliyechukuliwa kutoka timu ndogo ya Mbagala au Tandika, Dar es Salaam, na habari zake hazivuki mtaa wao. Makala haya yanamhusu kijana huyo, mzazi wake na mwalimu aliyemlea.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba wageni wanaua vipaji vya wazawa. Tunaona lawama hiyo inakosa shabaha. Kijana hadumazwi na mgeni kuwepo klabuni. Anadumazwa na dakika anazozikosa kati ya miaka 17 na 21, na timu iliyomlea inadumazwa na fedha isiyorudi kwake. Utajiri wa klabu unaweza kusababisha yote mawili, na unaweza pia kuyatibu.

Tuanze na dakika. Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 inampa mchezaji mechi 30, yaani dakika 2,700 kwa msimu. Kijana anayeingizwa dakika ya 80 katika mechi 15 anamaliza msimu akiwa na dakika 150 hivi, chini ya asilimia 6. Mwenzake aliyebaki timu ya kawaida na kumaliza mechi 20 amecheza dakika 1,800, theluthi mbili ya msimu mzima. Wa kwanza ana jezi inayopendwa mjini na pengine mshahara mkubwa zaidi. Misimu miwili mbele, wa pili ndiye atakayekuwa mchezaji.

Sababu yake iko wazi ukimtazama beki wa kati. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kuamua, ndani ya sekunde moja, amfuate mshambuliaji anayeshuka kuchukua mpira au abaki kulinda nafasi nyuma yake. Mazoezini akikosea, mwalimu anapuliza filimbi, mnarudia. Kwenye mechi akikosea, mpira uko wavuni na wenzake wanamtazama. Uamuzi huo haufundishiki ubaoni. Unaingia mwilini baada ya kukosea mara nyingi mbele ya watu. Kipa ni hivyo hivyo: lini atoke kufuata krosi katikati ya msongamano, na uwanja umelowa mvua za masika. Ukimweka kijana wa nafasi hizi benchi miaka mitatu, umemkatia masomo katikati.

Kwa nini basi klabu kubwa isimchezeshe? Kocha wa klabu kubwa anahukumiwa kwa kila mechi. Sare mbili mfululizo zinatosha kuzua mikutano. Mtu aliyekalia kiti cha moto hamwamini mtoto wa miaka 18 wakati ana mgeni wa miaka 27 mwenye uzoefu wa mashindano ya Afrika. Kanuni za ligi yetu zimefikia kuruhusu wageni 12 kwa klabu moja, na wengi husajiliwa kwa ajili ya uti wa mgongo wa timu: kipa, beki wa kati, kiungo, mshambuliaji wa mwisho. Mzawa chipukizi anaachiwa pembeni, au anasubiri mtu aumie.

Lipo na jambo baya zaidi, nalo ni kumsajili kijana ili mpinzani asimpate. Klabu yenye fedha inaweza kulipa mshahara wa mtu isiyemhitaji. Kwa mhasibu gharama ni ndogo. Kwa kijana ni miaka yake ya kukua.

Upande wa pili wa fedha usidharauliwe. Azam FC ilitumia fedha zake kujenga uwanja wake Chamazi na kulea timu za vijana, na waliopita mikononi mwake wapo waliovuka mipaka: Farid Mussa alikwenda Hispania, Novatus Dismas akaenda Israel, kisha Ubelgiji. Daktari anayejua kutofautisha goti linalouma kwa sababu ya kukua na goti lililoumia, uwanja usio na mashimo, chakula cha uhakika: hivi vinanunuliwa, na timu ya mtaani haina uwezo navyo. Mbwana Samatta, mtoto wa Dar es Salaam, alipita African Lyon na Simba kabla ya kujiunga na TP Mazembe ya Congo mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Mazembe ilikuwa miongoni mwa klabu zenye fedha nyingi Afrika, lakini ilimpa nafasi ya kucheza. Mwaka 2015 alitwaa nayo ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Huko alikwenda kama mchezaji aliyekwisha kuiva.

Uingereza inaonyesha pande zote mbili. Tangu mwaka 2012 klabu zilizokubali mpango mpya wa vijana zinalipana fidia kwa viwango vilivyopangwa, na kiwango kilichowekwa kwa mwaka mmoja wa malezi ya mtoto wa chini ya miaka 12 kilikuwa pauni 3,000 tu. Matajiri wakapata vituo vizuri mno. Wadogo wakabaki kulea watoto wanaochukuliwa kwa bei ya chini. Brentford ilifunga kituo chake cha vijana mwaka 2016 kwa sababu ya hesabu hiyo. Tena, kijana aliyelelewa ndani hana thamani ya ununuzi vitabuni, kwa hiyo akiuzwa, fedha yote huandikwa kuwa faida. Klabu iliyobanwa na kanuni za matumizi hushawishika kuuza wa nyumbani kwanza. Chelsea ilimuuza Mason Mount mwaka 2023 na Conor Gallagher mwaka 2024, wote wawili zao la kituo chake.

Sasa karatasi, na hapa ndipo timu nyingi za Dar es Salaam zinapopoteza haki zao. Kanuni za FIFA zina malipo ya aina mbili kwa waliomlea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, inayohesabu miaka ya malezi kuanzia 12 hadi 21. Ya pili ni mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu alizopitia. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Chukua mfano wa kijana anayeuzwa nje kwa dola 1,000,000. Timu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 inapata dola 10,000. Iliyokuwa naye akiwa na miaka 16, 17 na 18 inapata dola 15,000. Fedha hiyo inaweza kuendesha timu ya mtaani kwa muda mrefu.

Fidia ya mafunzo ina mtego wake. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zote zilizomlea zinahesabiwa. Lakini akisaini kwanza hapa hapa kwenye klabu kubwa, kisha akahamia nje, kanuni hiyo inaitambua klabu ya mwisho peke yake. Timu ya Mbagala inabaki na mchango wa mshikamano tu. Ndiyo maana timu ndogo isimwachie kijana bila makubaliano ya maandishi na klabu kubwa: malipo ya sasa, malipo akifikisha idadi fulani ya mechi, na asilimia ya mauzo yajayo. Asilimia hiyo iandikwe kwa jina la klabu. Mwalimu, mjomba au dalali hawezi kumiliki sehemu ya mauzo ya mchezaji. FIFA ilipiga marufuku umiliki wa watu wa pembeni tangu Mei 2015.

Kosa kubwa kuliko yote ni kituo kutosajiliwa. Malipo haya huenda kwa klabu zinazotambuliwa na shirikisho la nchi, kwa kufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji msimu kwa msimu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitishia fedha hizo, nacho husoma kumbukumbu za kielektroniki. Kituo kinachofundisha watoto 80 kila jioni bila usajili hakionekani kabisa kwenye kumbukumbu hizo, hata kama mtaa mzima unajua nani alimfundisha kijana kupiga mpira.

Kwa mzazi au mlezi anayeletewa mkataba mezani, maswali ya kuuliza ni machache lakini yabanwe. Nani anacheza namba ya mwanangu sasa, ana umri gani na mkataba wake unaisha lini? Msimu uliopita vijana wangapi wa chini ya miaka 21 walicheza ligi, na dakika ngapi? Usikubali jibu la "wapo kikosini", maana kukaa benchi nako ni kuwa kikosini. Mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka 3, na kwa kawaida haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa vighairi vichache. Anayekuahidi safari ya majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 15 ukitanguliza fedha, mwonyeshe mlango.

Mkopo, yaani kijana kupelekwa timu nyingine kwa muda ili acheze, ni dawa nzuri ukitumiwa vizuri. Usizidi msimu mmoja kabla ya kutathminiwa upya, uende kwenye timu yenye pengo la kweli katika nafasi yake, na uwe na kipengele cha kumrudisha dirisha dogo la katikati ya msimu kama hajafikisha, tuseme, dakika 600. Kinachoharibu mikopo ni kumpeleka kijana kwa sababu viongozi wanafahamiana, wakati kocha anayempokea hakumwomba. Mshahara nao utajwe nani analipa. Klabu mbili zikisukumiana jukumu hilo, kijana anaishi kwa kukopa nauli.

Mwalimu wa timu ndogo aanze na faili moja kwa kila mtoto: nakala ya cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, fomu ya usajili ya kila msimu yenye muhuri, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na barua ya kumwachia iliyosainiwa na pande zote. Mtoto akitimiza miaka 12, faili liwe limeshafunguliwa, maana msimu huo ndio wa kwanza kuhesabiwa.