Mao wawili na tarehe ya kuzaliwa

Kila mwisho wa Desemba ipo siku moja ambayo kuanzia mchana mimi nipo nyumbani lakini sipo. Simu nageuza kifudifudi, wali unapoa mezani, watu wa nyumbani wameshazoea. Japani wanatutangulia kwa saa sita, kwa hiyo fainali ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu inayochezwa kwao usiku inaniangukia mimi wakati wa kula. Nasema fainali ya ubingwa wa taifa, wanaouita Zen Nippon, yaani Japani nzima. Mashindano ya dunia naweza kuyatazama kesho yake. Haya siwezi.

Sababu yangu ni hii. Katika mashindano ya kimataifa vijana wana uwanja wao na wakubwa wana wao. Japani wanao mfumo wa ngazi: chipukizi wanashindana Oktoba, walio bora wanaalikwa kwenye ubingwa wa vijana Novemba, na vijana wachache wa juu kabisa wanaalikwa tena Desemba kupambana na wakubwa. Binti wa miaka 14 anapanda barafu ileile aliyotoka kuikwaruza bingwa wa dunia, mbele ya majaji walewale. Programu yake huru, ile ndefu inayofuata baada ya programu fupi, aliyoizoea kwa dakika tatu na nusu, inabidi aivute hadi dakika nne kama wenzake. Anayetaka kujua kizazi kipya kimefika wapi hana haja ya kubahatisha, maana jibu hutoka kila mwaka kwa namba.

Tuzitazame basi. Mwaka 2022 bingwa alikuwa Kaori Sakamoto wa Kobe, na wa tatu Mao Shimada, ambaye alikuwa ametimiza miaka 14 miezi miwili tu nyuma. Mwaka 2023, Sakamoto wa kwanza, Shimada wa tatu. Mwaka 2024, Sakamoto wa kwanza, Shimada wa pili. Na huyu Shimada si kijana wa kawaida. Alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na kule Calgary mwaka 2023 aliruka akseli (mruko unaoanza ukitazama mbele) ya mizunguko mitatu na nusu pamoja na mruko wa mizunguko minne. Sakamoto hana akseli hiyo wala mruko wa mizunguko minne. Wasomaji wananiuliza swali moja kwa namna mia: inakuwaje mwenye silaha kubwa anashindwa na asiye nazo?

Jibu liko kwenye karatasi ya alama, nami nimekesha na karatasi hizo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila mruko una thamani yake ya msingi. Akseli ya mizunguko mitatu na nusu ni alama 8.00. Akseli ya miwili na nusu ni 3.30. Juu ya hapo kila jaji anatoa daraja la ubora, kutoka -5 hadi +5, na kila hatua moja ni asilimia kumi ya thamani ya msingi. Sasa chukua binti aliyeruka akseli kubwa vizuri akapewa wastani wa +2: anapata 9.60. Mkubwa wake anaruka akseli ndogo, lakini kwa mwendo wa kasi, anapaa mbali, anatua kama aliyeteremka ngazi ya nyumbani kwake. Anapewa +4, anapata 4.62. Pengo ni karibu alama tano. Binti akianguka, daraja linashuka hadi -5, anabaki na 4.00, kisha anakatwa alama moja ya kuanguka. Tatu. Hapo akseli ndogo ya mwenzake imemshinda.

Mpaka hapo mchezo ni wa kamari, na binti anaweza kuamua kucheza. Wengi wanaposahau kuangalia ni chini ya ukurasa, kwenye zile alama tatu za jumla: muundo wa programu, uwasilishaji na ujuzi wa kuteleza. Kila moja ni juu ya kumi. Zinajumlishwa, kisha zinazidishwa kwa 1.33 katika programu fupi na 2.67 katika programu huru. Tuseme mkubwa anapewa 9.25 kila mahali na kijana 8.00. Tofauti ya 1.25 inaonekana ndogo. Zidisha mara tatu, zidisha kwa 1.33 na kwa 2.67, kisha jumlisha: ni alama 15. Yaani kijana anahitaji akseli kubwa tatu safi, moja kwenye fupi na mbili kwenye huru, ndipo afute pengo hilo tu na kuanza kushindana.

Aliyewahi kufanya hivyo yupo. Mao Asada, Vancouver 2010, aliruka akseli tatu za mizunguko mitatu na nusu katika Olimpiki moja. Akarudi na medali ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Kim Yuna wa Korea Kusini, ambaye hakuruka hata moja.

Kuna ukaidi fulani wa Kijapani ndani ya mruko huu. Midori Ito wa Nagoya ndiye mwanamke wa kwanza kuutua kwenye mashindano, mwaka 1988, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Alikuwa wa kwanza tena kuutua kwenye Olimpiki, Albertville 1992. Kocha wake, Machiko Yamada, alimlea pia Asada. Miki Ando alipotua mruko wa mizunguko minne mwaka 2002 alikuwa bado kijana. Rika Kihira aliingia kwa wakubwa mwaka 2018 na msimu huohuo akachukua fainali ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya kila msimu, mbele ya Alina Zagitova, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki. Mabinti wa Japani wamelelewa wakijua kuwa akseli hiyo inawezekana, na nadhani hilo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ngumu zaidi kuisema: mwili unabadilika, nyonga zinapanuka, kimo kinaongezeka, na mzunguko uliokuwa mwepesi ukiwa na miaka 13 unakuwa kazi nzito ukiwa na 17. Kwa hiyo kuna haraka. Ukiwa na mruko leo, uutumie leo.

Na hapo ndipo kalenda inapoingia.

Desemba 2005 Asada, akiwa na miaka 15, alishinda fainali ya Grand Prix jijini Tokyo, akimwacha nyuma Irina Slutskaya wa Urusi. Wiki moja baadaye akawa wa pili kwenye ubingwa wa taifa, nyuma ya Fumie Suguri na mbele ya Shizuka Arakawa. Lakini sheria ya Olimpiki ilidai awe ametimiza miaka 15 kabla ya Julai 1, 2005. Yeye alizaliwa Septemba 25, 1990. Alikosa kwa siku 87. Arakawa, aliyekuwa nyuma yake, akaenda Olimpiki ya Torino 2006 na kurudi na dhahabu, medali pekee ya Japani katika michezo hiyo.

Miaka ikapita. Familia moja ikapata binti Oktoba 30, 2008, ikampa jina la Mao kwa kumpenda Asada. Huyo ndiye Shimada. Mwezi Juni 2022, baada ya yale ya Kamila Valieva, Mrusi wa miaka 15 aliyekutwa na dawa iliyokatazwa michezoni, kwenye Olimpiki ya Beijing, shirikisho la dunia, ISU, liliamua kupandisha umri wa kuingia kwa wakubwa hatua kwa hatua hadi miaka 17. Ili kwenda Olimpiki ya Milano mwaka 2026 ilibidi uwe umeitimiza kabla ya Julai 1, 2025. Mao wa pili alikosa kwa miezi minne.

Naiunga mkono sheria hiyo. Niliona vya kutosha Beijing. Lakini nisijifanye kwamba haimuumizi mtu, na mfano ninaorudia kuutazama ni jukwaa la washindi wa ule ubingwa wa vijana, Calgary 2023. Dhahabu, Shimada. Fedha, Shin Ji-a wa Korea Kusini. Shaba, Ami Nakai wa Japani. Shin alizaliwa Machi 2008, Nakai Aprili 2008. Wote wawili walikwenda Milano. Aliyebaki nyumbani ni yule aliyesimama katikati, juu yao.

Nakai hakuchelewa kuutumia mlango uliokuwa wazi. Oktoba 2025, katika Grand Prix yake ya kwanza ya wakubwa, kule Angers nchini Ufaransa, alishinda na Sakamoto akawa wa pili. Ana akseli kubwa, na anatabasamu akiteleza kama mtu aliyesahau kwamba kuna majaji. Milano aliongoza baada ya programu fupi, kisha akamaliza na shaba. Fedha ilikuwa ya Sakamoto, dhahabu ya Alysa Liu wa Marekani. Hapo ndipo ninapowapinga wanaosema vijana wamewapindua wakubwa. Sakamoto alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya tangu Peggy Fleming miaka ya sitini, na alifanya hivyo bila mruko ambao vijana wengi nyuma yake walikuwa nao. Kweli, Warusi walifungiwa kuanzia Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine na njia ikawa nyepesi kidogo. Hata hivyo ile kasi yake haikutokana na kufungiwa kwa mtu. Makocha wa Kobe, Sonoko Nakano na Mitsuko Graham, walimlea hivyo tangu akiwa mtoto.

Juni 2025 Sakamoto alitangaza kwamba msimu wa 2025–26 ungekuwa wa mwisho kwake. Kinachonisumbua ni kwamba yeye na Shimada, wa kwanza na wa pili wa taifa zima, hawakuwahi kukutana katika mashindano ya kimataifa ya ISU. Kalenda haikuruhusu. Waliishia kwenye zile Desemba.

Msimu wa 2026–27 Shimada anaruhusiwa kuingia kwa wakubwa, na sasa atakuwa upande wa pili wa meza: Novemba ubingwa wa vijana utatoa wageni wake, nao watapanda ngazi kumfuata yeye na Nakai. Karatasi yake ya kwanza ikitoka nitapita akseli bila kuisoma. Nitashuka moja kwa moja chini ya ukurasa, kwenye ujuzi wa kuteleza, nione kama majaji wamevuka 9.