Mti wa modeli ni nini na unatengenezwaje bila gharama kubwa

Mti wa modeli ni mti mdogo wa kutengeneza unaopandwa kwenye mandhari ya reli ya modeli, yaani ile reli ndogo ya mezani yenye treni za umeme, stesheni, madaraja na vilima. Watu wengi wanadhani ni pambo tu, lakini una kazi kubwa, maana jicho linapima ukubwa wa treni kwa kuangalia kilichopo pembeni yake. Behewa likiwa juu ya ubao mtupu linaonekana toi, ukiweka msitu nyuma yake na kilima kidogo tayari mtu wa Makambako anakwambia hii ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapanda kutoka Mlimba.

Sasa kabla ya kukata waya lazima ujue uwiano wa reli yako. Uwiano unaotumika zaidi duniani ni 1 kwa 87, unaitwa HO, hivyo mti wa mita 20 unakuwa na sentimita 23 hivi, na kwenye uwiano wa 1 kwa 160 unashuka hadi sentimita 12 na nusu. TAZARA yenyewe ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli, sio 1,435 kama reli nyingi za Ulaya, kwa hiyo anayetaka kuitengeneza kwa vipimo sahihi akitumia njia ya HO ya milimita 16.5 anatakiwa aende kwenye uwiano wa 1 kwa 64, kama wanavyofanya wenzetu wa New Zealand ambao nao reli yao ni ya 1,067. Hapo mti wa mita 20 unafika sentimita 31, ndo maana watu wengi wanapunguza urefu. Mi naona ya nyuma punguza tu, ila ya mbele iache na urefu wake, kwa sababu huku kwetu mlingoti (mkaratusi) kweli unaizidi treni mara kadhaa na ukiufupisha unapoteza sura ya Nyanda za Juu Kusini yote.

Kwa nini iwe miti ya bei ndogo? Piga hesabu. Mashamba mengi ya mipaina yanapandwa mita 3 kwa 3, kwa HO ni sentimita tatu na nusu kasoro kidogo kati ya mti na mti, kwa hiyo kipande cha ubao chenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 30 tu kinameza miti zaidi ya 200. Ukiagiza nje mti mmoja mmoja, ongeza usafiri na ushuru, hutamaliza hata hicho kipande kimoja. Na habari njema ni kwamba mti wa modeli hauhitaji kuwa na kila jani, unahitaji umbo sahihi, rangi sahihi na mwanga upenye kati ya matawi, basi, na hayo matatu hayauzwi, yanapatikana kwa kuangalia miti.

Tuanze na mpaina maana ndo mti wetu, ukipita Mufindi pale Sao Hill ni mipaina mpaka macho yanachoka. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje katikati upate nyuzi mbili, paka gundi nyeupe, halafu kata kamba ya katani vipande vya sentimita 5 au 6, vichambue mpaka viwe nyuzi nyuzi na uvitandaze kati ya zile waya mbili, vikae vyembamba, usijaze. Ncha moja ibane kwenye drili, nyingine ishike kwa koleo, zungusha polepole, katani inajisokota yenyewe inasimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Kisha mkasi: juu nyembamba, chini pana. Hapa ndo wengi wanaharibu kwa sababu wanakata pembe safi kabisa kama mti wa Krismasi, wakati mpaina wetu, Pinus patula, majani yake yananing'inia na umbo lake limelegea, kwa hiyo kata bila mpangilio, acha nyuzi nyingine zitoke. Jambo la pili, mipaina ya shamba inapogolewa matawi ya chini, hivyo sehemu ya chini ya waya usiiwekee katani kabisa, iache wazi na uipake kahawia yenye wekundu kidogo. Shina hilo tupu ndo linamwambia mtu hili ni shamba la mbao na sio msitu wa Ulaya wenye theluji.

Mlingoti ni kazi nyingine. Tafuta kipande cha waya wa umeme wenye nyuzi nyingi nyembamba za kopa, menya plastiki, sokota nyuzi zote pamoja kwa chini ziwe shina, ukifika katikati gawanya mara mbili, sokota kila upande, gawanya tena, mpaka unabaki na vitawi vya nyuzi moja moja. Changanya gundi na vumbi laini la mbao (Mafinga limelundikana kila kiwandani, omba tu) upake shina lipate unene, likikauka paka kijivu cheupe na mistari michache ya kahawia pale gamba linapobanduka.

Majani yanatokana na sponji. Mafundi makochi wanatupa vipande kila siku, vichukue, vikatekate, saga na maji kwenye blenda ya zamani ambayo hairudi tena jikoni, kamua, changanya na rangi ya maji, anika juani. Tengeneza kijani aina tatu angalau, kimoja chenye unjano, kimoja cheusi kidogo, na kwa milingoti kimoja chenye ukijivu wa bluu, maana kijani kimoja msitu mzima kinaua kila kitu. Kupachika, chukua dodoki, lichane lichane mpaka liwe wavu mwembamba, bandika vipande kwenye vitawi, puliza spreyi ya nywele na unyunyize sponji yako kwa juu. Ukiona huwezi kuona ukuta kupitia kwenye mti, umeweka mengi, kung'uta.

Ukitaka upande wa Tukuyu weka migomba. Karatasi ngumu kidogo, kata jani la sentimita 2 hivi kwa HO, kunja katikati lipate mshipa, chanachana pembeni kama upepo unavyofanya, paka kijani angavu na jani moja la chini liwe kahawia limeanguka kwenye shina.

Kupanda nako kuna ujanja wake. Miti mizuri weka mistari miwili mitatu ya mbele tu, nyuma jaza mabonge ya sponji au dodoki lililopakwa kijani kwenye vijiti, hakuna atakayeona shina lake. Shamba la mipaina lipange kwa mistari iliyonyooka, migomba na miti ya asili itawanye. Amua pia msimu mmoja: ukiweka nyasi za njano za Agosti basi usiweke majani mabichi ya Machi chini ya miti, na kando ya barabara ya vumbi pitisha brashi kavu yenye rangi ya udongo mwepesi kwenye majani ya chini, kidogo sana, upande unaotazama barabara.