Ishara ya Kukatiza kwa Michakato Watoto: Dhana Potofu na Ukweli

Katika chumba chetu cha kazi mtaani Langoni, Lamu, tunapunguza ukubwa wa picha za miswada ya kale kwa skripti ya Bash (sheli, yaani programu inayotekeleza amri unazoiandikia) inayozaa michakato watoto mitatu, yaani programu zinazofanya kazi nyuma yake, kwa alama ya &. Siku moja nilibonyeza Ctrl-C, skripti ikafa, lakini feni ya kompyuta iliendelea kuvuma kwa sababu watoto wote watatu walikuwa bado kazini.

Dhana: Ctrl-C na amri ya kill -INT ni kitu kimoja.

Ukweli: Ishara ni ileile, SIGINT (ishara ya kukatiza), namba 2, ila wapokeaji ni tofauti. Kitufe huifanya terminali ipeleke ishara kwa kundi zima la michakato lililo mbele, ilhali kill huipeleka kwa namba uliyoitaja tu, isipokuwa umetanguliza alama ya kutoa kwenye namba ya kundi.

Dhana: Mtoto aliyeanzishwa kwa & hutii SIGINT kama mwingine yeyote.

Ukweli: Hapa ndipo nilipokwama mimi. Kanuni za POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, zinaagiza kwamba sheli isiyosimamia kazi, kama ilivyo skripti ya kawaida, iwaanzishe watoto wa nyuma wakiwa tayari wameambiwa waipuuze SIGINT, kwa hiyo hata kill -INT $! ($! ni namba ya mtoto wa mwisho kuanzishwa nyuma) haiwagusi. Mtoto akiwa naye ni skripti ya Bash, trap yake (amri ya kutega ishara) haifui dafu, kwa kuwa Bash hairuhusu kutega ishara iliyokuwa ikipuuzwa tangu ilipoanza; programu iliyoandikwa kwa C, kwa upande wake, inaweza kujiwekea kipokezi chake yenyewe. Njia nyepesi ni kutuma SIGTERM, ishara ya kuuomba mchakato uache, namba 15. Anayeihitaji SIGINT hasa aandike set -m (huwasha usimamizi wa kazi) mwanzoni, ambapo kila mtoto hupewa kundi lake na kupuuza huko hakuwekwi.

Dhana: Trap hutekelezwa papo hapo.

Ukweli: Bash husubiri kwanza amri iliyo mbele imalizike. Skripti iliyo ndani ya sleep 600 (amri ya kusubiri sekunde 600), ikitumiwa SIGTERM peke yake, inaweza kukaa kimya hadi dakika 10. Ukiipeleka sleep nyuma na kuingoja kwa wait, ishara iliyotegwa huikatiza wait mara moja, nayo hurudisha namba inayozidi 128.

Dhana: kill -9 husafisha kila kitu.

Ukweli: SIGKILL, ishara inayotumwa na kill -9, haitegeki, hivyo mzazi hufa bila kuwaaga watoto, nao huendelea na kazi chini ya mlezi mwingine, kwa kawaida mchakato namba 1.

Dhana: Amri ya kill ikirudi, mtoto amekwisha.

Ukweli: Imerudi kwa sababu ishara imetumwa, basi. Mtoto huenda bado anaandika faili, ndiyo maana katika skripti yetu kill hufuatwa na wait, na folda ya muda hufutwa baada ya hapo.