Maji haya yana mwenyewe

Mlangoni kwa mama mmoja wa Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, kuna kiukuta cha matofali kinachonifika gotini. Unainua mguu, unakivuka, ndipo unashuka chumbani. Ndani, kila mguu wa kitanda umekalia matofali manne, na gunia la mkaa liko juu ya meza. Ukutani kuna mstari wa kahawia unaoonyesha maji yalipofika mara ya mwisho, na juu yake mwingine uliofifia, wa mwaka ambao hapendi kuuzungumzia. Mumewe alikuwa askari polisi. Alipofariki, familia iliondoka kambini, na kodi waliyoiweza ilikuwa huku bondeni. Mimi pia ni mtoto wa kambi, nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, na lugha ya kambini ni Kiswahili, kwa hiyo tulisalimiana kwa Kiswahili na mazungumzo yakaenda vizuri.

Nilikuwa nimekwenda kupima mtaro. Ndiyo kazi yangu: mitaro na maji ya mvua. Nikamweleza, kama tunavyowaeleza wote, kwamba mtaro umezibwa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na takataka za majumbani. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kaveera ni zetu, mwanangu, sikatai. Lakini mvua inayoanguka kwenye bati langu naijua, inajaza mapipa matano. Haya mengine yana mwenyewe. Ni ya nani?"

Nilirudi ofisini nikapiga hesabu, na mama alikuwa sahihi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lake ni kama mita 20 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 inampa lita 1,000, yaani mapipa matano ya lita 200. Sasa panda naye mlimani. Chukua kiwanja cha robo ekari, takriban mita 1,000 za mraba, chenye nyasi na miti. Mvua ileile inaangusha pale lita 50,000, lakini sehemu kubwa inanywewa na udongo. Zinazotiririka kuteremka huenda zikawa lita 10,000. Ng'oa miti, jenga nyumba kubwa, mwaga zege uwanja mzima ili magari yasikanyage tope. Sasa zinateremka lita 45,000. Ni jerikeni 2,250 za lita 20 badala ya 500, kutoka kwa jirani mmoja.

Kasi ni tatizo kubwa kuliko wingi. Juu ya nyasi maji hutembea. Juu ya zege na lami hukimbia. Zamani maji ya Makerere, Mulago na Kawempe yalifika bondeni kwa zamu, haya yakipita ndipo yale yanafika. Leo yanafika kwa pamoja, ndani ya dakika chache, na hakuna mtaro unaoweza kumeza mafuriko ya vilima vitatu kwa mkupuo. Tukiupanua mtaro, tunayaharakisha yafike kwa jirani anayefuata. Nimeshiriki kupanua mitaro na sijutii, ila nimechoka kuuona upanuzi ukiuzwa kama tiba.

Wageni wengi hawajui kwamba maji ya Kampala huenda pande mbili. Ya kusini hushuka kwa mtaro wa Nakivubo hadi Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji yetu ya kunywa. Ya kaskazini, ya Bwaise na Kalerwe, huingia kinamasi cha Lubigi, yakafuata mto Mayanja hadi Kafu, na mwisho wake ni Nile. Pande zote mbili palikuwa na mafunjo. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, huyashikilia, huyaachia polepole, na mizizi yake husafisha uchafu tuliousukuma huko. Mtaro wa zege hauna hata moja ya kazi hizo.

Kuna jambo langu mwenyewe ambalo sharti nilisema. Miaka yangu ya kwanza kazini nilichora mpango wa maji wa jengo moja la maduka mlimani. Mwenye mali alitaka uwanja ukauke haraka baada ya mvua, nami nikamfanyia: zege lenye mteremko mzuri, bomba pana, mdomo wa bomba ukielekea kwenye mtaro wa barabara. Mchoro ulipitishwa. Hakuna aliyeniuliza maji yakitoka kwenye kiwanja yanaingia kwa nani, wala mimi sikujiuliza. Uwanja ule ulikuwa ukikauka kwa robo saa.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingia hapo. Kila nyuzi joto moja inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na wingu lililobeba zaidi humwaga zaidi kwa mara moja. Uganda haikuliunguza lile kaa la mawe wala yale mafuta yaliyoipasha dunia moto, na wajumbe wetu hulisema hilo bila kigugumizi kwenye mikutano. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na tuliupigania kwa haki. Hoja ilikuwa nyepesi: aliyesababisha amlipe anayeumia. Mimi nauliza kwa nini hoja hiyo ikitua uwanja wa ndege wa Entebbe hainyanyuki tena. Kati ya Kololo ya mlimani na Bwaise ya bondeni pia yupo anayesababisha na yupo anayeumia.

Tena mgawanyo huu hatukuuanza sisi. Mipango ya mji ya wakoloni iliwatengea Wazungu vilima kama Nakasero, juu, mbali na mbu. Mabonde yakaachwa nje ya mpango, na aliyekuja mjini kutafuta kazi akajenga palipobaki. Baada ya uhuru waliokaa juu walibadilika, mteremko ukabaki uleule. Hata takataka zilifuata mkondo huo: zilitoka mji mzima kwenda jalala la Kiteezi tangu 1996, mpaka tarehe 10 Agosti 2024 lundo lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo majirani wa jalala.

Mwaka huohuo nyumba za Lubigi zilibomolewa kwa sababu zilijengwa kwenye kinamasi. Kisheria hoja ipo: Katiba ya 1995, Ibara ya 237, inasema vinamasi vimewekwa chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Nataka vilindwe kuliko mtu yeyote. Lakini ukifuata bonde la Kinawataka utaona viwanda vyenye kuta imara juu ya kifusi kilichomwagwa kwenye mafunjo, na hakuna tingatinga mlangoni. Sheria inayoanza na chumba cha mama mpangaji ikaishia hapo inamwonea. Ibara ya 39 ya Katiba hiyohiyo inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya yeyote, awe serikali au kampuni, anayehujumu juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo. Natamani mawakili wetu waitumie kwa ajili ya bondeni.

Ufundi wenyewe si mgumu. Tangi la lita 10,000 linameza mvua ya milimita 50 ya paa la mita 200 za mraba, mradi liwe tupu wingu linapokuja, maana tangi lililojaa ni pambo tu. Shimo la changarawe chini ya uwanja hushikilia maji yakazama taratibu. Kwenye udongo wetu mwekundu wa mlimani hufanya kazi vizuri, bondeni ambako maji ya ardhini yako karibu halifai kabisa. Ndiyo sababu wajibu huu hauwezi kuhamishiwa chini hata tungetaka. Kule chini hata vyoo hujengwa juu ya ngazi, kwa kuwa ukichimba unakutana na maji.

Siku hizi sipitishi mchoro usioonyesha maji yanaishia wapi, na nimepoteza wateja kadhaa kwa hilo. Yule mwenye maduka nilimrudia mwaka jana. Tulizungumza mara tatu kabla hajakubali kuvunja theluthi ya zege lake na kuweka matangi mawili. Ni kiwanja kimoja katika mlima mzima. Machi, mvua za masika zilipokaribia, nilipita tena kwa mama. Alikuwa ameongeza safu moja ya matofali mlangoni, saruji bado mbichi, akanishika mkono nisikanyage.