Skrini ya Mtambo Ipangwe kwa Ajili ya Opereta

Mashine mpya zinazofungwa katika viwanda vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, iwe ni chai Mufindi, maziwa Njombe, mpunga Mbarali au mbao Mafinga, mara nyingi huja na skrini ya kugusa. Opereta anagusa picha ya valvu, PLC, yaani kompyuta ndogo ya mtambo, inapokea amri, na valvu inafunguka. Skrini hiyo imepangwa na mtengenezaji aliye mbali, kwa lugha na mazoea yake, na wenye viwanda wengi huiacha hivyo hivyo wakidhani hairekebishiki. Inarekebishika, na sisi tunaofundisha umeme wa viwandani tunawasihi muirekebishe.

Tuanze na ujumbe wa hitilafu. Mkanda wa kupeleka majani ya chai umekwama usiku wa manane, skrini inaandika "M12 OL FLT". Opereta wa shifti ya usiku hajui M12 ni mota ipi. Anariseti, mota inatripu, yaani kinga yake inaikatia umeme. Anariseti tena, inatripu tena, na asubuhi fundi anakuta koili imeungua. Ujumbe huohuo ungeweza kusomeka: "Mota ya mkanda namba 2 imezidiwa mzigo. Zima mkanda, toa kilichokwama. Ikitripu tena, mwite fundi umeme." Hapo opereta anajua kilichotokea, kilipotokea, na la kufanya. Kazi yenyewe haigusi mantiki ya PLC: programu nyingi za kutengenezea skrini hutoa maneno yote kwenye jedwali, unajaza Kiswahili, kisha unalirudisha. Lugha ya awali msiifute. Wekeni kitufe cha kubadilisha lugha, kwani fundi wa mtengenezaji akija ataihitaji.

Kengele nazo zipunguzwe. Julai 24, 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walimiminiwa kengele 275 katika takribani dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma zote. Kengele ambayo opereta hana la kuifanyia iingie kwenye kumbukumbu za mtambo tu, isimpigie kelele.

Lakini kosa ninaloliogopa kuliko yote ni skrini kuonyesha amri badala ya hali halisi. Machi 28, 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, taa ya paneli ilizimika kwa sababu amri ya kufunga valvu ilikuwa imetumwa. Valvu yenyewe ilikwama ikiwa wazi. Waendeshaji waliamini imefungwa, maji ya kupoza yakaendelea kutoka, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Hapa kwetu hatuna nyuklia, ila maziwa tunayo. Katika mtambo wa kuchemshia kwa mfululizo, maziwa hushikiliwa kwenye nyuzi 72 za Selsiasi kwa angalau sekunde 15. Joto likishuka, valvu huyageuza yarudi kuchemshwa upya. Kama picha ya valvu kwenye skrini inafuata amri ya PLC tu, valvu ikikwama maziwa yasiyoiva yatapita kwenda kwenye paketi huku skrini ikionyesha yanarudi. Picha hiyo isomwe kutoka kwenye swichi inayohisi mkao wa valvu, iliyopachikwa kwenye valvu yenyewe. Kama swichi haipo, nunueni. Ukarabati wa rangi na maandishi hautaziba pengo hilo.

Rangi zisiwe nyingi. Mandhari ya kijivu yanatosha, nyekundu ibaki kwa hatari, na kila rangi iambatane na neno au umbo, maana wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Vitufe viwe vikubwa. Asubuhi ya Julai kule Njombe watu hufanya kazi na glavu, na kuna aina za skrini zisizoitikia glavu kabisa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

Kitufe cha kusimamisha mtambo kwa dharura kisitegemee skrini. Kiwe kitufe halisi, chekundu juu ya kitako cha njano, kilichounganishwa kwa waya wake, kwa kuwa skrini ikiganda picha haisimamishi kitu.

Kabla ya kubadilisha lolote, chukueni nakala ya programu ya skrini na ya PLC, na nakala moja itunzwe nje ya chumba cha paneli. Nywila wasiwe nayo wote, lakini pia isibaki kichwani mwa mtu mmoja anayeweza kuhama kesho. Mkimaliza, mketisheni opereta wa shifti ya usiku mbele ya skrini mpya siku ambayo mtambo hauzalishi, mtengenezeeni hitilafu ya majaribio, na msimwambie chochote. Pale atakapositasita, rudini mpabadilishe.