Ati nchi ikiwa ndogo ndo inatawalika vizuri?

Hapa Kampala ukikaa stage ya boda hutamaliza rolex moja (chapati ya mayai) kabla mtu hajasema "shida yetu tumekuwa wengi, angalia Singapore." Haya, Singapore mambo yao yamenyooka. Mbona Equatorial Guinea haitajwi? Unaweza kuipanga ndani ya Uganda hata mara 8, mafuta inayo, na rais ni yule yule tangu 1979. Eritrea pia watu wake wachache tu, tangu uhuru wa 1993 hawajapiga kura ya kitaifa hata moja. India na ukubwa wote ule serikali zinatolewa kwa kura.

Ingine ni hii ya kusema wabunge wakiongezeka na sauti ya mwananchi inaongezeka. 2021 tulipata wabunge 529, India kwa bunge lao la chini wako 543, sisi tuko kama milioni 46 na wao wamepita bilioni 1.4! Ukigawanya, mbunge wetu ana watu kama 87,000, wa India ana zaidi ya milioni 2 na nusu. Kwa hesabu hiyo sisi tungekuwa tunasikika mpaka mwezini. Lakini mbunge tunamtafuta akalipe ada ya mtoto, anunue jeneza, achangie harusi, na akishatoa hakuna anayemuuliza bajeti ilipita vipi (hata mimi sijawahi uliza, niseme ukweli).

Halafu wilaya. 1986 zilikuwa 33, leo ni 135 ukiacha Kampala, na kila ikikatwa mpya watu wanacheza ngoma eti maendeleo yamefika. Sio uongo wote, mtu wa mbali kule Karamoja ofisi ikimsogelea hata kidogo ni nafuu kubwa kwake. Ila angalia kinachokuja nayo kwanza: mbunge mwanamke wa wilaya, RDC (mtu wa rais wilayani), mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya), magari yao. Pesa je? Ile kodi ya kichwa, gradueti, iliondolewa 2005, kwa hiyo wilaya nyingi zinangoja tu serikali kuu itume, na inayotumwa imeshapangiwa kazi hukohuko juu. Ndo unakuta wilaya ina bango zuri barabarani na hospitali bado mnavuka kwenda ile ya wilaya mliyojitoa.