Mashapo ni nini, na vipi tope na vumbi vinajua mvua ya zamani

Kabla ya masika ya juzi tulisafisha jabia la mjomba kule Pate, yaani lile birika la kuwekea maji ya mvua, maji yalikuwa yashakwisha yamebaki ya kufika kifundo cha mguu tu, na mimi ndo mdogo kwa hivo mimi ndo nikateremshwa chini na ndoo. Kulikuwa na tope la kama shibiri moja na nilipolikata kwa sepetu nikaona lina mistari, mweupe mweusi mweupe mweusi, kama chapati zilizopandanishwa. Nikamuuliza mjomba hii ni nini, akasema "mjomba, huo mweupe ni mchanga wa kusi, huo mweusi ni majani ya mvua, jaza ndoo nivute." Basi. Yeye hakuona ajabu yoyote, lakini hicho alichosema kwa pumzi moja ndo watu wanakwenda kukisomea vyuoni miaka na miaka wakitaka kujua mvua ya miaka elfu iliyopita ilikuwaje.

Mashapo ni kile kinachotua chini ya maji yakishatulia. Ukimiminiwa kahawa ukaiacha kidogo, ule unga mweusi unaobaki chini ya kikombe ndo mashapo. Ziwa nalo ni kikombe kikubwa, kila mwaka linapokea udongo wa mito, majani, vumbi la upepo, chavua ya maua, mkaa wa mioto ya nyika, na maiti za vidudu vya majini ambavyo hata huwezi kuviona kwa macho. Vyote vinazama, na cha leo kinalala juu ya cha jana. Kwa hivo ukipanda jahazi dogo, au tuseme chelezo, ukashindilia bomba refu mpaka kwenye tope ukalitoa likiwa limejaa, juu una mwaka huu na chini una wakati wa babu wa babu zako, na ukizidi kushuka unafika kabla hata hakujakuwa na mji unaoitwa Lamu.

Na kwa nini tujisumbue hivo? Manake vipimo vya mvua vya huku kwetu umri wao ni miaka mia na kitu, basi. Hali ya hewa ya leo unaitizama nje, tabianchi ni tabia ya miaka mingi, na miaka mia ni kidogo sana kumjua mtu mwenye tabia ya kubadilika.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakwama. Tope halina mahali palipoandikwa mvua ilinyesha milimita ngapi, wala joto lilikuwa digrii ngapi. Linachohifadhi ni vitu vilivyoguswa na hiyo mvua, na wewe unauliza kwa kuzunguka. Ukipita barazani kwa watu ukaona miavuli imeanikwa na viatu vina matope huulizi kama kulinyesha. Hiyo miavuli wataalamu wanaiita viashiria. Chavua ikiwa ya nyasi tupu pale ambapo zamani kulikuwa na chavua ya msitu, nchi ilikauka. Kuna mwani mdogo unaitwa dayatomu, gamba lake ni la kioo haliozi, na kila aina ina maji yake inayoyapenda, sasa ukikuta aina za maji ya chumvi zimejaa ndani ya ziwa la maji matamu unajua ziwa lilisinyaa mpaka likawa chumvi. Hata ile nta inayong'arisha majani ya miti inabaki kwenye tope maelfu ya miaka, na haidrojeni iliyomo ndani yake inabeba dalili ya mvua ambayo mti uliinywa.

Mfano ninaoupenda mimi ni Ziwa Chala, lile la Taveta chini ya Kilimanjaro, nusu Kenya nusu Tanzania. Ni shimo la volkano lenye kina cha mita 90 hivi, halina mto mkubwa unaolivuruga, na huko chini kabisa hakuna oksijeni kwa hivo hakuna minyoo wala samaki wa kufukua tope. Hiyo ndo siri yake, mistari inabaki ilivyolala. Na mistari yenyewe inaandikwa na nani? Na kusi yetu hii hii. Ikifika Juni mpaka Septemba upepo unapiga, maji ya juu yanapoa yanachanganyika na ya chini, chakula kilichokuwa kimezama kinapanda juu, dayatomu wanazaana kwa fujo halafu wanakufa, magamba yao yanashuka yanafanya mstari mweupe. Kusi ikiisha maji yanatulia, kinachotua ni takataka za mimea na viumbe, mstari mweusi. Mweupe na mweusi ni mwaka mmoja, na wote wawili ukiwapima ni kama milimita moja au hata haifiki. Kwa hivo mjomba hakukosea sana.

Wakihesabu hiyo mistari na kupima unene wake wanaona kwamba miaka ya El Niño, ile ya mafuriko, mistari ni myembamba, na miaka ya La Niña ambayo ni ukame na upepo mwingi inakuwa minene. Utafiti wa hilo ulitoka mwaka 2011 na ukaonyesha kwamba zamani za barafu, miaka kama 20,000 nyuma, mvua za huku hazikuwa zikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka kama siku hizi. Halafu kabla yake, 2009, kuna mwingine wa ziwa hilo hilo uliorudi miaka 25,000, ukakuta mvua inaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa kama miaka 11,500, manake dunia inayumba kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja wa kuyumba ni kama miaka 23,000, na sisi tulio karibu na ikweta tunapata zamu mbili ndani yake, zamu ya upepo wa kaskazini na zamu ya upepo wa kusini. Mwaka 2016 wakarudi na mtambo mkubwa wakatoa tope la mita 215 hivi, hiyo ni kama miaka 250,000.

Umri wanaujuaje pale ambapo mistari haihesabiki? Majani yaliyozama yana aina moja ya kaboni inayojivunja yenyewe polepole, nusu yake inapotea kila miaka 5,730, hiyo inafaa mpaka miaka 50,000 hivi. Tope la juu la juu lina kipimo kingine cha risasi, ile madini si ya bunduki, na hata mabaki ya mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani yapo, yalifika kilele 1963 na alama yake imebaki kwenye maziwa ya dunia nzima, mpaka yale ambayo hayajawahi kusikia mlio wa bunduki.

Lakini stori iliyonikalisha chini ni ya Naivasha, lile ziwa la Bonde la Ufa. Mwaka 2000 walichapisha historia ya miaka 1,100 ya mvua kutoka kwenye tope la shimo la volkano lililozama pale kisiwa cha Crescent, wakitumia dayatomu na vichwa vya viluwiluwi vya visubi. Mwaka 1000 mpaka 1270 ilikuwa kavu kuliko sasa. Baadaye ikawa na maji mpaka 1850, isipokuwa mara tatu ilipokauka: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Na hizo mara tatu zinakwenda sawa na njaa na kuhamahama kunakosimuliwa na wazee wa bara. Yaani Fort Jesus inaanza kujengwa Mombasa 1593 na huku bara watu wamo ndani ya kiangazi cha miaka sitini. Ngome yetu ya Lamu nayo imejengwa ndani ya kile cha tatu. Tafadhali asije mtu akasema sasa vita vya Shela, vile vilivyopiganwa Lamu enzi hizo hizo, vililetwa na ukame wa Naivasha, Naivasha ni mbali na tope la kule linasema ya kule.

Ila ziwa lina udhaifu wake, likikauka linaacha kuandika. Ziwa Victoria lenyewe, pamoja na ukubwa wote ule, lilikauka miaka kama 15,000 na kitu iliyopita. Hili letu la Mpeketoni, Ziwa Kenyatta, tumeliona likikauka kwa macho yetu viboko wakifa kwenye tope. Na tope likishapasuka upepo unalichukua, zile kurasa zinaondoka.

Zinaondoka kwenda wapi? Hapo ndo vumbi linapoingia. Kule Chad kuna bonde linaitwa Bodele, zamani lilikuwa chini ya ziwa kubwa mno, ziwa likanywea, sasa upepo unaopenya kati ya milima miwili unapeperusha yale magamba ya dayatomu yakiwa vumbi jeupe, mengine yanavuka bahari mpaka misitu ya Amazon. Ukitoboa sakafu ya bahari nje ya Mauritania unakuta vumbi la Sahara lilikuwa kidogo kwa maelfu ya miaka, wakati ule Sahara ina nyasi na viboko, halafu kama miaka 5,500 iliyopita linapanda kwa ghafla. Hata barafu ya Kilimanjaro, walipoitoboa mwaka 2000, ilikuwa na tabaka la vumbi la kama miaka 4,000 nyuma.

Msilichanganye vumbi na matuta ya mchanga ya Shela lakini. Ule ni mchanga, chembe nzito, unarukaruka chini chini hauendi mbali. Vumbi ninalosema ni jembamba kuliko unywele, likishapanda linakaa hewani siku nyingi. Pahali lilipotua kwa wingi kabisa ni China kaskazini, kuna uwanda mzima wa vumbi, pengine unazidi mita mia kwenda chini, watu wamechimba nyumba ndani yake, na Mto Manjano umepata jina kwa rangi hiyo. Udongo huo unaitwa loesi. Ukiutizama ukutani ni jabia la mjomba tena: tabaka la manjano ni zama za baridi na upepo mkavu, tabaka jekundu ni zama za mvua ambapo vumbi lilipungua na nyasi zikaota zikaligeuza udongo. Yanarudi nyuma miaka milioni 2.6. Chembe zikiwa kubwa upepo ulikuwa mkali, na lile jekundu lina visumaku vidogo vidogo vinavyozaliwa udongo ukipata mvua, kwa hivo wanapita na kipimo cha sumaku tu. Umri wa tabaka za juu wanaupata kwa mwanga, chembe ya mchanga ikifukiwa inaanza kuweka akiba ya nishati mpaka ionyeshwe mwanga tena, ndo maana zinachukuliwa gizani kama filamu za kamera za zamani.

Tatizo la vumbi ni kwamba linaweza kuongezeka kwa sababu nchi ilikauka au kwa sababu upepo ulizidi, na ukiangalia wingi peke yake hujui ni lipi. Ndo sababu linalinganishwa na tope, na tope na barafu.

Na sisi wa ukingoni mwa bahari tusio na ziwa lenye kina? Tuna matumbawe. Tumbawe linajenga pete kila mwaka, ukilipiga eksirei unazihesabu. Malindi wamelisoma moja linalorudi kama miaka 300, wakapima bariamu inayoletwa na tope la Mto Sabaki. Karne mbili za kwanza tope ni lile lile tu, halafu mwanzoni mwa karne ya 20, misitu ya bara inapofyekwa na mashamba ya walowezi yanapofunguliwa, linaanza kupanda. Yale maji mekundu yanayowakimbiza watalii Malindi kila masika.